Mwanamke Mwenye Upepeo, na Droo ya Shangazi

Watu wa nyumbani niliwaambia nafanya kazi ya afya Landani. Wao wakaelewa nesi, na mimi sikuwasahihisha. Kazi yenyewe ilikuwa ukea: kumwosha mzee mmoja wa Kiingereza kule Edmonton, kumpikia uji wa oti, kumkokota mpaka chooni na kumsikiliza. Kumsikiliza ndiko kulikonichosha zaidi.

Mzee alikuwa mwalimu wa historia mstaafu. Mke alikuwa amekufa, watoto hana, dini hana, na aibu pia hana. Ukuta wote wa ngazi, kutoka mlangoni mpaka juu chooni, ulijaa vibonzo vya kale ndani ya fremu nyeusi. Vilichapwa kwa wino na kupakwa rangi kwa mkono enzi za wale wafalme wao wanne walioitwa Joji mfululizo, kana kwamba majina yaliisha. Zamani hizo, mzee alinieleza, watu walisongamana kwenye madirisha ya maduka kuvitazama na kucheka. Na walichocheka zaidi ni mambo mawili, wachungaji na kifo.

Siku ya kwanza nilikasirika kweli. Mimi nimelelewa Tabora, nyumba ya maombi asubuhi na jioni, halafu napanda ngazi nimebeba ndoo ya maji nakutana na kasisi mnene ambaye mimbari imepasuka mbao kwa tumbo lake, na kitambi kinamwagikia waumini wa mbele. Mbele kidogo kuna mjane anajaribu shela nyeusi kwenye kioo, anageuka huku na huku, na mumewe yuko kitandani nyuma yake bado anapumua, anamtolea macho. Halafu kuna Kifo mwenyewe, mifupa mitupu, anabisha hodi kwa daktari, na daktari anamfungulia kwa bashasha na kumvutia kiti. Nikasema, jamani, hawa watu watachomwa moto. Nikawa napita pale nimeangalia ngazi.

Lakini mtu huwezi kupita mahali mara sita kwa siku umeinamisha shingo. Ikafika siku nikaanza kuvipangusa vumbi. Ukipangusa unatazama, na ukitazama, Mungu nisamehe, unacheka.

Kilichonimaliza ni kile kilichokuwa mkabala na mlango wa choo na bafu. Ni kanisa, kasisi yuko juu anahubiri mdomo wazi, na pembeni yake kuna chupa ya mchanga, ile waliyopimia muda wa mahubiri. Mchanga umeshuka wote. Na yeye mkono mmoja uko kwenye chupa, anaigeuza ianze upya. Chini yake kanisa zima limelala. Mzee wa kanisa amelala, bibi amelala na meno yake mapajani, mbwa amelala. Na kwenye benchi la mwisho kaketi Kifo na mundu wake, alikuja kuchukua mtu, naye kasubiri weee mpaka usingizi umemchukua.

"Tafuta aliye macho," mzee aliniambia siku moja kutoka chooni, mlango wazi. Nilimwambia kwanza amalize shughuli zake. Akasisitiza, akanipa na kioo chake cha kukuzia. Nikatafuta mpaka nikamwona, mwanamke mmoja kwenye kona, amevaa kofia ya utepe, ameshika upepeo, ule wa mkono wa kujipepea. Amejifunika nao mdomo. Macho yake yanatazama ile chupa ikigeuzwa, na mashavu yamejaa kicheko.

"Huyo ndiye mwenye akili peke yake mle ndani," mzee alisema.

Nilimpenda sana yule mwanamke. Kila asubuhi nikipita namkonyeza.

Sababu ni kwamba nilimfahamu yule kasisi. Nilikuwa nasali kwake kila Jumapili, Tottenham.

Kanisa letu lilikuwa ghala nyuma ya duka la mazulia. Wengi walikuwa ndugu zetu wa Kongo ya mashariki, na sisi Watanzania tulikuwa benchi mbili tatu. Kiongozi wetu alifika Uingereza mwinjilisti. Baada ya miaka miwili akawa mchungaji, halafu akasafiri wiki tatu, hakusema wapi, akarudi askofu, ana pete ya zambarau na mlinzi wa kumbebea Biblia. Mlinzi! Tottenham, kwenye basi, nani atamwibia Biblia? Alihubiri kwa saa tatu nzima bila kunywa maji. Usingizi hatukulala kama wale Waingereza wa picha, kwa sababu sisi tulikuwa na spika nne, mbili kila upande, zimeelekezwa masikioni. Hiyo ndiyo tofauti pekee iliyoletwa na miaka mia mbili na zaidi.

Nyumbani nilikaa na shangazi yangu, dada yake baba, kwenye fleti ya kaunsili ghorofa ya nne. Yeye ndiye aliyenileta Uingereza na kunifundisha kupanda treni, na mtu akinijibu ovyo kazini alikuwa tayari kuvaa koti aende mwenyewe. Alifanya usafi hospitalini, na sehemu ya usafi wake ilikuwa mochwari. Jumapili nyingi alikuwa zamu, kwa hiyo kanisani alionekana Krismasi na Pasaka, amesinzia.

Jioni nilikuwa namsimulia vile vibonzo, naigiza sauti. Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Yule mjane na shela yake namjua," anasema, "anakaa ghorofa ya pili." Siku nilipomsimulia wa upepeo hakucheka. Alinitazama tu, akasema, "Huyo si wewe?"

"Mimi tena?"

"Wewe kabisa. Unaona kila kitu, unacheka pembeni, halafu unakaa kimya. Basi. Nani kafaidika?"

Niliudhika kidogo. Nilimwambia mbona na yeye anacheka. Akasema yeye anacheka amechoka kazi, mimi nacheka nimekaa, akaenda kulala.

Halafu akaugua ini, na ugonjwa haukuchukua muda. Alilazwa hospitali ileile aliyoifagia, wadi ya tatu, na masista wote walimjua. Kufa hakukumtisha hata kidogo. Kitu kimoja tu kilimtisha, na alinieleza waziwazi siku ya Jumatano, amenishika kidole gumba.

"Mimi zile droo za mochwari nimezifuta miaka kumi na moja," alisema. "Nazijua. Mtu anaingizwa Ijumaa, wanazima taa, wanaondoka wikiendi yao. Jumatatu namkuta palepale, amekaa kama mzigo ambao mwenyewe hajaja. Kila mara nilikuwa nawaambia samahani. Mwanangu, nizikeni siku mtakayopewa. Nikishatoka kwenye ile droo nisirudi tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Na huyo askofu wenu akianza maneno yake, simama. Usitume mtu, usikonyeze. Simama wewe, sema yatosha. Niahidi."

Nikamwahidi. Niliahidi huku nalia, na nilimaanisha kila neno.

Alifariki wiki ileile. Tukapewa siku ya maziko Ijumaa, baada ya wiki mbili, na Ijumaa yenyewe ilikuwa ya kuelekea Bank Holiday, sikukuu yao ya Jumatatu. Mtu wa mazishi, Mwingereza mmoja mrefu mwenye kofia ndefu nyeusi na koti la mkia, alinikalisha ofisini kwake akanieleza polepole kama unavyomweleza mtoto kuvuka barabara. Maiti inatoka kwenye droo Ijumaa asubuhi. Kaburi letu ni saa nane na nusu mchana. Saa tisa ni mwisho, wachimbaji wanafunga kazi, na saa kumi geti linafungwa. Jumamosi hawaziki, Jumapili hawaziki, Jumatatu ni sikukuu.

"Kwa hiyo tukichelewa?" nikamwuliza.

"Kwa hiyo msichelewe," akasema.

Nikaenda kwa kamati ya msiba. Lazima niwaeleze kamati ya msiba, maana anayedhani sisi hatuna serikali hajaiona kamati ya msiba. Ina mwenyekiti, katibu, mtu wa chakula, mtu wa ukumbi, mtu wa video na mtu wa sare. Nikawaambia saa. Wakaandika ratiba nzuri, ibada saa nne kamili asubuhi, kutoka saa saba. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, usikuwe na wasiwasi, tutafanya kizungu." Nikamwamini. Nani alinituma kumwamini?

Sare ilikuwa kitenge cha zambarau kwa wanawake na fulana nyeupe kwa wanaume, uso wa shangazi umechapwa kifuani. Ilikuwa picha aliyopigwa kwenye harusi ya mtu, anacheka. Mwenyekiti wa kamati ana tumbo, na fulana yake ilimbana, kwa hiyo shangazi alitanuka kutoka ubavu huu hadi ubavu huu, mdomo umefika kwapani. Nilipomwona mlangoni asubuhi ile ya Ijumaa nikafikiria wale wachoraji wa mzee, nikasema loo, mmekufa mapema. Nikauma mdomo nisicheke. Hapo nilikuwa nimeshaanza, mnaona? Shangazi yuko ndani ya sanduku, na mimi naangalia matumbo ya watu.

Ibada ya saa nne ilianza saa sita kasoro. Mtu wa video alikuwa hajafika, na bila video hakuna msiba, maana kanda itakwenda Tabora na ukoo mzima utakaa uitazame na kuhesabu nani alilia. Alipofika akafunga taa zake, akaniambia nisogee kushoto kidogo, uso wangu una kivuli. Nikasogea.

Kisha wasifu wa marehemu. Katibu alisoma kwamba shangazi yangu hakukosa ibada hata moja, alikuwa mama wa maombi wa usiku na mchana, na aliaga dunia akiwa anaimba. Shangazi aliaga dunia akiomba chai. Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, kwa sababu kamera ilikuwa inanitazama.

Kwaya tatu. Halafu akasimama askofu.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Nilikuwa benchi la mbele kabisa, hatua nne kutoka kwenye jeneza. Askofu akaanza na Adamu. Si mfano, ni Adamu mwenyewe, bustanini. Nikahesabu moyoni: Adamu, Nuhu, Ibrahimu, akienda hivi Musa atafika saa nane. Musa alifika saa nane na dakika tano. Yule mtu wa mazishi akachungulia mlangoni na kofia yake mkononi, akaniita kwa kidole. Nikatoka nimeinama.

"Bibi, tuna dakika ishirini za kuondoka hapa," akasema. "Baada ya hapo siwezi kuahidi."

"Dakika tano tu anamaliza," nikamwambia. Nilimwambia hivyo mtu ambaye hakunikosea chochote, nikijua kabisa askofu bado yuko jangwani na wana wa Israeli.

Nikarudi kukaa. Nikajiambia, sasa simama. Nikifikiria kusimama nawaona akina mama wa kanisa wanageuza shingo, nasikia mmoja anasema ana haraka ya nini, anataka fleti? Naiona ile kanda Tabora, baba yangu amekaa mbele ya televisheni, binti yake anainuka na kumfokea mtumishi wa Mungu juu ya maiti ya dada yake. Basi nikafanya ujanja wa watu waoga, nikachukua kalamu nikaandika karatasi: "Baba askofu, kaburi linafungwa, tafadhali tuondoke sasa hivi." Nikaikunja, nikampa mhudumu wa kanisa aipeleke.

Na hapo ndipo nilipokosea, maana kanisani kwetu karatasi iliyokunjwa ina kazi moja tu. Ni ombi la maombi. Kila Jumapili watu wanapeleka makaratasi ya viza, ya waume, ya magoti, na askofu hayafungui, kwa sababu Mungu anajua kilichomo. Nililijua hilo. Nimepeleka yangu mwaka mzima kuhusu makaratasi yangu ya ukaazi kule Home Office, hakuna aliyewahi kuyafungua.

Askofu aliipokea karatasi yangu, akaiinua juu kwa mkono wenye pete. "Dada yetu mfiwa ana haja moyoni!" akanguruma kwenye spika nne. "Nani atasimama naye?" Kanisa zima likasimama. Wakanyoosha mikono kuelekea kwangu, mia na zaidi, wakaomba kwa sauti, kila mtu na lake, Bwana mjibu, Bwana mjibu, kwa dakika kumi na mbili kwa saa yangu. Mama mmoja alilala chini. Mtu wa video akanijia karibu kabisa usoni. Na mimi, nilifanya nini? Nilifumba macho, nikainua mikono, na machozi yalipotoka nikayaacha yatiririke upande wa taa.

Halafu nikasema amina.

Nilipofumbua macho, askofu alikuwa ameiweka karatasi ndani ya Biblia, imekunjwa vilevile, na akasema, "Sasa ndugu zangu, turudi kwa Musa." Ile chupa ya mchanga! Niliiona kabisa, mkono ule ukiigeuza. Kicheko kikanipanda kutoka tumboni, kicheko hasa, wala si uchungu. Nikachukua ile programu ya mazishi yenye picha ya shangazi, nikajifunika nayo mdomo, nikawa najipepea.

Saa tisa na robo tulitoka. Gari la maiti lilikimbia barabara ya White Hart Lane kadiri gari la maiti linavyoweza kukimbia, na sisi nyuma na mabasi mawili ya kukodi. Geti lilikuwa bado wazi, lakini kaburini hapakuwa na mtu, turubai la kijani limetandikwa juu vizuri, na mawe pembeni. Mwenyekiti akavua fulana ya shangazi, akasema sisi ni wanaume, tutazika wenyewe, leteni sepetu. Mlinzi wa makaburi akasema hairuhusiwi. Askofu akakemea pepo la ucheleweshaji. Nawaapia, alilikemea, kwa jina, ameelekeza mkono kwenye geti. Akina mama wakapokea kwa wimbo. Mlinzi akatazama saa yake, akasubiri wimbo uishe kwa adabu, akatutoa.

Yule mtu wa mazishi alivua kofia, akanijia peke yangu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Itabidi nimrudishe," na akauliza kama ningependa kumsindikiza mpaka pale.

Nikasema hapana. Kulikuwa na pilau ukumbini, watu wa kupokea.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Usiku wa Jumapili niliamka nikatazama kitanda chake, nikasema samahani, kama alivyokuwa akiwaambia wenzake kule. Jumanne asubuhi tulimzika watu tisa, wengine walikuwa kazini. Askofu alimtuma mwinjilisti, kijana wa watu, akasoma mistari sita na kufunga Biblia, na kwa dakika kumi shangazi alikuwa chini. Ilikuwa ibada nzuri kuliko zote nilizowahi kuona.

Jumatano nikarudi Edmonton. Mzee alikuwa na hamu, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye siku zote hizo isipokuwa mbadala wangu, ambaye hakupenda picha. Nilimwosha huku namsimulia. Nilimpa yote, tumbo la mwenyekiti na mdomo wa shangazi kwapani, Adamu, karatasi, mikono mia, pepo la ucheleweshaji. Nilisimulia vizuri, sijisifu, mimi kusimulia najua. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamshika asianguke kwenye kiti cha bafuni. "Miaka mia mbili!" alikuwa anasema, anapiga goti. "Miaka mia mbili, na hakuna kilichobadilika! Kanisa zima limelala!"

"Halikulala," nikasema. "Tuna spika."

Akacheka upya. Nami nikakasirika, sijui hasira ilitoka wapi. Nikamwambia yeye acheke tu, lakini majivu ya mke wake yako jikoni juu ya friji, kwenye kopo, kati ya biskuti na majani ya chai, mwaka wa tisa sasa, na kila siku nalisogeza nikipangusa. Wetu angalau alirudishwa siku nne tu.

Kicheko kikamkatika. Akavuta taulo akajifunika, na maji yakawa yanadondoka. Nilidhani atapiga simu ejensi, wale walioniajiri, nifukuzwe.

"Sikuweza," alisema baadaye. "Nilisema nitampeleka baharini, ndiko alikotaka. Sikuweza kusimama, nimchukue, niondoke naye." Halafu akaniuliza, bila ubaya, kwa sauti ya mwalimu anayetaka jibu, "Na wewe? Alipokuwa anaendelea, wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele. Hatua nne."

"Umelala?"

Mlango wa bafu ulikuwa wazi na picha ilikuwa palepale mkabala, na mashavu ya yule mwanamke yamejaa. Sikuhitaji kioo cha kukuzia.

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa macho."